Vashti alikuwa na ndege ya kumfikisha kwa mwanawe. Mbona alisita?

Msomaji wa Donholm:
Wadau, nimemaliza "The Machine Stops", hadithi ya E. M. Forster ya mwaka 1909, na inanikereketa. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mtu na chumba chake. Chakula, muziki, kitanda, vyote ni kubonyeza kitufe. Vashti anajuana na maelfu ya watu kupitia Mashine, mtambo mkubwa unaoendesha maisha yao yote. Siku moja mwanawe Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia, anamwita: njoo nikuone, lakini si kwa Mashine. Mama anashangaa, kwani si tunaonana? Kijana anamwambia anachokiona pale ni kitu kinachofanana na mama, si mama.

Wengi huisoma kama onyo kuhusu mitambo kuharibika. Mimi naona msiba ulitangulia. Ndege ipo, safari ni siku mbili tu, na bado mama anasita. Na anapofika hatimaye, hata mkono hampi mwanawe, eti ni kukosa adabu!

Baba yangu yuko Machakos, mwendo mfupi wa matatu, na tunaonana zaidi kwa video. Mzee huleta simu karibu mno, kwa hiyo naona kipaji cha uso na mabati ya dari. Basi niambieni: Mashine ndiyo iliyoua mapenzi ya Vashti, au ilimpa kisingizio tu?

Mama wa Kayole:
Mwanangu, simu usinitukanie. Binti yangu yuko Riyadh, kazi za nyumba. Akisema "haloo mama" tu, najua kama amekula au amelia. Zamani mtu akienda ng'ambo ulikuwa unangoja barua hadi unachoka. Huyo Vashti alikuwa na njia ya kwenda. Mimi njia sina, nina simu. Usitupime kwa mizani moja.

Muuza vitabu wa barabara ya Tom Mboya, Nairobi:
Mama amesema kweli. Ila ndugu, soma pia "Fahrenheit 451" ya Ray Bradbury, 1953. Mildred ana kuta tatu za televisheni sebuleni na anadai ya nne. Wale wa kwenye kuta anawaita familia. Usiku mumewe anamuuliza walikutana wapi mara ya kwanza. Hakumbuki. Na mume naye hakumbuki! Hapo hakuna umbali hata kidogo, wanalala chumba kimoja.

Na tusiache vya kwetu. Katika "Walenisi" ya Katama Mkangi, 1995, Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa kwenye chombo cha angani kimwangamize. Chombo hicho hicho kinamfikisha kwa watu wanaoishi kwa utu. Sasa utalaumu chombo?

Msomaji wa Donholm:
Shikamoo mama. Nimekuelewa, na nadhani umelijibu swali vizuri kuliko wahakiki: utegemezi unaanza pale njia iko wazi na mtu haoni tena sababu ya kuipita.

Ila kuna ukurasa unaonitisha kuliko kuta za Mildred. Muziki wa Mashine unaanza kukwaruza. Watu wanalalamika kwa kamati ya matengenezo, wanaambiwa subirini, halafu wanazoea. Maji ya kuoga yananuka, wanazoea. Nadhani hata sura ya mtu hupotea hivyo hivyo. Unaona kipaji cha uso na mabati, unakata simu, unamwambia mkeo nimemwona mzee, ni mzima. Na kweli unaamini umemwona.

Wanaodai mwisho wa hadithi una faraja, kwa kuwa mama na mwana wanagusana Mashine ikifa, siafikiani nao kabisa. Siku mbili za ndege zilikuwepo miaka yote ile, na Vashti alikwenda mara moja tu.

Muuza vitabu, "Walenisi" bado unayo? Niwekee nakala moja, Jumamosi niko mjini.