Naomba ushauri: kutunza na kusafirisha viambatisho vya kijiko (ekskaveta, mashine ya kuchimbia) bila kuviharibu wala kuzidisha uzito kwenye ekseli

Msimamizi wa Yadi (Morogoro):

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia yadi ya mkandarasi mdogo hapa Morogoro. Tuna kijiko kimoja cha tani 21, na mbali na baketi ya kawaida inayokaa kwenye mkono wake, tuna baketi pana ya kusafishia mitaro (kilo 800), ripa ya jino moja ya kupasulia ardhi ngumu (kilo 600) na nyundo ya kuvunjia mwamba yenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na tindo yake, yaani chuma kinachogonga mwamba. Kila baada ya wiki kadhaa tunahama kati ya Morogoro, Iringa na Makambako kwa lobedi (trela ya sakafu ya chini ya kubebea mashine) yenye ekseli tatu, inayovutwa na kichwa cha lori chenye ekseli tatu.

Yamenipata matatu ambayo sitaki yajirudie. La kwanza, nyundo ililazwa ubavu kwenye udongo kando ya uzio tangu kabla ya masika, na tulipoifunga baada ya miezi mitano ilianza kuvuja mafuta. Fundi alipoifungua alikuta sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zimechanika na ncha ya pistoni imeshika kutu. La pili, tulisimamishwa mizani kwa sababu ekseli tatu za nyuma zilibeba tani 25.3 badala ya 24, ingawa uzito wote ulikuwa tani 44.7 tu, nami niliamini kwamba chini ya tani 56 hatuna shida. La tatu, tukiteremka Kitonga, ule mlima mkali karibu na Iringa, ripa iliteleza juu ya lobedi na kukata mpira wa haidroliki wa nyundo. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo sijapata utulivu kila lobedi inapotoka getini. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnavyopanga vifaa hivi yadini na safarini.

Mpakiaji wa Mizigo Mizito:

Dada, pole sana. Nianze na mizani, kwa sababu kosa hilo ni la wengi. Tani 56 ni kikomo cha juu kabisa katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016. Gari lenye ekseli sita kama lenu halifiki huko. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, jozi ya ekseli za kuvutia tani 18, na kundi la ekseli tatu za trela tani 24, jumla tani 50. Tena kila kundi hupimwa peke yake, kwa hiyo mnaweza kuwa chini ya jumla kwa tani tano na bado mkakutwa na kosa.

Bila shaka nyundo iliwekwa mkiani, nyuma ya kijiko, kwa kuwa ndiko nafasi iliyobaki baada ya mashine kupanda. Hapo ndipo pa kubadilisha. Tuseme kutoka pini ya shingo ya lobedi, inayoiunganisha na kichwa cha lori, hadi katikati ya ekseli za nyuma ni mita 8. Nyundo ya tani 1.8 ukiisogeza mbele mita 7, kutoka mkiani hadi chini ya shingo, unaziondolea ekseli za nyuma takriban tani 1.6 (1.8 mara 7, gawanya kwa 8), na uzito huo unahamia kwenye kichwa cha lori. Zile tani 25.3 zingekuwa 23.7 bila kukigusa kijiko. Kijiko chenyewe kikisogezwa nusu mita huhamisha tani 1.3, ndiyo maana ninachora mstari wa rangi kwenye sakafu ya lobedi unaomwonyesha mwendeshaji mahali pa kusimamisha minyororo ya kutembelea. Viambatisho vipakiwe kwanza, mashine ifuate. Ukifanya kinyume, mkia ndio utakaopokea kila kilichosalia. Kila kifaa kiandikwe uzito wake kwa rangi ubavuni, ili hesabu ifanyike yadini, si mizani.

Fundi Haidroliki (Dodoma):

Mimi nitazungumzia nyundo tu, kwa kuwa ndiyo ghali kuliko vyote na ndiyo inayotendewa vibaya kuliko vyote. Ikilazwa ubavu kwa muda mrefu, pistoni huzilemea sili upande mmoja, unyevu huingia kupitia mlango wa tindo, na sehemu ya pistoni iliyosuguliwa ikaanza kutu. Siku ya kwanza ya kazi kutu hiyo hupita juu ya sili kama msasa. Hicho ndicho kilichowapata.

Kwa mapumziko ya wiki chache, isimamishwe wima kwenye fremu ya chuma, tindo ikiwa chini na imepakwa grisi ya kutosha, kisha ifunikwe turubai lisilogusa ardhi ili hewa ipite. Kwa mapumziko ya miezi, tindo itolewe, gesi ya naitrojeni iliyo kichwani iachiliwe na mtu aliyefundishwa kazi hiyo na mwenye kifaa chake, pistoni isukumwe ndani kabisa huku matundu ya mafuta yakiwa wazi juu ya chombo cha kukinga, na ncha ya pistoni pamoja na bushi zipakwe grisi. Baada ya hapo matundu na ncha za mipira zizibwe kwa vifuniko vya chuma vya kusokota. Nawasihi msitumie matambara wala mifuko ya plastiki, kwa sababu punje moja ya mchanga inayoingia mle huishia kwenye pampu ya kijiko.

Dereva wa Lobedi:

Kuhusu Kitonga, ninaipita mara kwa mara na ninaiheshimu. Chuma juu ya chuma huteleza hata kikiwa kizito, na kikilowa mvua au mafuta huteleza zaidi. Weka mkeka wa mpira chini ya kila kifaa, au mbao ngumu kavu kama mkeka haupo. Kanuni za ufungaji zinazofuatwa Ulaya zinataka mzigo uzuiliwe kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Kwa nyundo yenu hiyo ni karibu tani moja na nusu inayotaka kwenda mbele mnapofunga breki. Mnyororo wa milimita 8 wa daraja la 80 una uwezo wa kufunga wa tani 4, lakini kila kifaa kiwe na minyororo yake iliyovutwa pande zinazopingana. Kisitegemee mnyororo wa kijiko.

Ripa huwa naiweka ndani ya baketi pana, ncha ikitazama chini, na mnyororo unapita kwenye vyote viwili. Mipira ya nyundo ikunjwe na kufungwa juu ya mwili wake, mbali na kila chuma chenye makali. Nikitoka Iringa husimama baada ya kilomita chache kukaza upya, kwa sababu mbao hubonyea na minyororo hulegea, kisha husimama tena kabla ya mteremko.

Msimamizi wa Yadi (Morogoro):

Asanteni sana, kaka zangu. Hesabu ya mita 7 nimeirudia mara tatu na nimeona kosa lilikuwa langu, kwa maana ni mimi niliyeruhusu mashine ipande kwanza. Nina maswali mawili. Yadi yetu hutuama maji masika na hatuna zege. Je, changarawe inatosha? Na je, kontena la futi 20 linafaa kwa vifaa vyote?

Mpakiaji wa Mizigo Mizito:

Changarawe iliyoshindiliwa na mfereji pembeni vinatosha, mradi kila kifaa kikae juu ya magogo ya mti mgumu. Vipangeni safu moja, matundu ya pini yakitazama njia ya mashine, na nafasi ya mita moja katikati, ili kijiko kije, kichukue na kuondoka bila mtu kusimama kati ya chuma na chuma. Baketi zisiingizwe kontenani, kwani kuzitoa ni kazi ya nusu siku. Humo wekeni pini, bushi, tindo, minyororo na meno ya akiba, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoibwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Fundi Haidroliki (Dodoma):

Niongeze jambo moja kwa siku ya kuirudisha nyundo kazini. Gesi ijazwe kwa kipimo cha mtengenezaji kabla ya kuifunga kwenye mkono. Grisi ipigwe huku tindo ikiwa imekandamizwa chini hadi inaigusa pistoni, kwani ikipigwa tindo ikiwa inaning'inia, grisi hujaa kati ya tindo na pistoni, na pigo la kwanza huisukuma kwenye sili zile zile mpya mlizonunua.