Mkanda wa 1917 unakimbia: kasi, usiku na rangi za nguo

Mkusanyaji: Wadau, nina nakala ya kidijitali ya mkanda wa milimita 35, futi 1,000. Ni filamu bubu ya mfululizo ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza, aina ya Patria (1917) ya Irene Castle: majasusi, bendera, mavazi ya fahari. Kwa fremu (picha moja moja za mkanda) 24 kwa sekunde watu wanakimbiakimbia, kadi za maandishi hazisomeki na fumbo halieleweki. Nataka pia kuandika kuhusu rangi za nguo.

Fundi_Fremu: Kasi kwanza, mkuu. Futi moja ina fremu 16, kwa hiyo unazo 16,000. Kwa 24 unaisha kwa dakika 11 na sekunde 7. Kwa 18, dakika 14 na sekunde 49. Kwa 16, dakika 16 na sekunde 40. Jaribu 18, kisha tazama pindo la gauni mtu anapogeuka: likishuka kwa uzito wake, umepatia. Kamera zilizungushwa kwa mkono, hivyo pima kila onyesho peke yake. Ukihifadhi faili la 24 na chanzo ni 18, rudia kila fremu ya tatu. Kama chanzo ni 16, kila ya pili. Usiruhusu programu ichanganye fremu, mikono itaota vivuli. Kadi inayopita kwa fremu chache tu, igandishe hadi isomeke mara mbili.

Mama Sinema: Je, nakala ni nyeusi na nyeupe tupu? Basi fumbo limepotelea hapo. Maonyesho mengi ya usiku yalipigwa mchana, nakala zikatiwa rangi ya buluu baadaye. Bila buluu, jasusi ananyemelea juani na walinzi wanaonekana vipofu. Kabla ya kurudisha rangi, tafuta ushahidi: taa iliyowashwa, kurunzi mkononi, kadi inayotaja usiku.

Mkusanyaji: Ndiyo, haina rangi kabisa. Na nguo?

Fundi_Fremu: Hapo uwe mwangalifu sana. Mikanda ya kupigia picha ya wakati ule kwa kawaida haikuhisi wekundu. Nyekundu hutoka karibu nyeusi, buluu hufifia. Itazame bendera ya Marekani: milia myekundu imekuwa ya giza, ilhali uwanja wa buluu umepauka. Ndiyo rula yako ndani ya picha. Gauni jeusi laweza kuwa jekundu, jeupe laweza kuwa la samawati. Andika mshono, mng'ao na uzito wa kitambaa. Rangi itaje tu ukiwa na maelezo ya magazeti ya wakati huo.