Naombeni ushauri: nachonga mwenyewe vifaa vya kufungulia injini ya IST, kipi nichonge na kipi ninunue?

GetiNaDirisha
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma hapa Nkuhungu, nina IST yenye injini ya 1NZ. Ina kama miezi minne sasa, asubuhi nikiwasha inapiga moshi wa bluu dakika moja hivi alafu unakata, na oili inapungua karibu lita nzima nikienda Singida na kurudi mara mbili. Juu ya hapo sili ya mbele ya krenki (mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea mbele) inavuja, kila nikipaki naacha alama kama mbuzi. Fundi wa kwanza kataka laki nne na nusu ashushe injini yote, wa pili kasema ni sili za valvu tu (vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu) na hedi, yaani kichwa cha injini, haina haja ya kutoka ila yeye hana kifaa cha kukandamizia springi, nikitaka nimuagizie Dar. Sasa mimi kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, mashine ninayo, grenda ninayo, drili ninayo, vyuma chakavu vimejaa uani mpaka mama watoto ananuna. Nikawaza kwanini nisichonge mwenyewe? Naombeni mnielekeze kifaa gani kinachongeka na kipi nisithubutu.

mama_spana
Kaka kabla hujawasha hio grenda hakikisha ugonjwa kwanza. Moshi wa asubuhi tu ukiwasha mara nyingi ni sili za valvu, oili inachuruzika usiku inakaa juu ya pistoni. Ila kama unatoka na ukiwa unapandisha mlima umekanyaga mafuta, hapo ni ringi za pistoni, na utachonga vifaa vya kazi ambayo siyo yako. Azima geji ya kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), pima silinda zote nne, iliyo chini mwagia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana ujue ringi zimechoka. Na kile kivalvu cha PCV kinachopumulia injini kitoe ukitikise, kikiganda kinaweza kukulisha oili hivyo hivyo na ni kitu cha hela ndogo.

SkrepaKizota
Mama spana kamaliza. Sasa tuje kwenye kuchonga maana hapo ndo utamu ulipo.

Kwa sili za valvu unatumia kamba. Unatoa plagi, pistoni ikiwa chini unaingiza kamba kupitia tundu la plagi mpaka ijae humo ndani, mkia unabaki nje, alafu unazungusha krenki kwa mkono taratibu pistoni ibane kamba juu. Hapo valvu haina pa kudondokea. Tumia kamba laini ya nailoni, ya katani usijaribu maana inaacha nyuzi ndani ya silinda. Na usizungushe kwa stata hata kwa bahati mbaya, toa terminali ya betri kabisa.

Kifaa chenyewe sasa. Kwenye 1NZ springi imezama ndani ya shimo lake, klampu ya kawaida haifiki. Chukua kipande cha bomba la chuma linaloingia kwenye hilo shimo bila kugusa kuta, urefu kama kidole, ubavuni kata madirisha mawili kwa grenda ili uone na uingize sumaku. Mdomo wa chini usugue mpaka uwe laini kabisa. Alafu mkono wa kukandamizia ni flati bari, ncha moja unaifunga kwenye tundu la boliti ya kepu za kenshafti (ile mihimili ya juu inayofungua valvu, utakuwa umeshaitoa), bomba katikati, unakandamiza kama unakamua alizeti. Vile vipande viwili vidogo vinavyoshika springi vinaachia, unavidaka na sumaku. Kurudisha vipake grisi vigande kwenye valvu. Valvu ziko 16 kwahiyo vipande ni 32, VIHESABU, na kila tundu la oili kwenye hedi liziba kwa kitambaa kabla hujaanza.

Mbukwenyi_Wote
Mbukwenyi! Nawasoma tu. Hivi kenshafti akizitoa cheni si inadondoka ndani? Mbona hamsemi, mnataka mwenzenu aje alie hapa.

SkrepaKizota
Swali zuri, nilipitiwa. Kabla ya kutoa chochote weka pistoni ya silinda namba 1 juu, piga alama za rangi kwenye cheni na gia zote mbili za juu, lock ile tensheni (kikazio) ya cheni, alafu cheni ifunge na waya juu. Na wakati wa kuzungusha krenki ya kubana kamba lazima muwe wawili, mmoja anavuta cheni juu isijikunje kule chini mwingine anazungusha. Ukiwa peke yako acha.

DizeliTupu
Mimi huo mchezo wote naona ni mwingi, ila ngoja nikusaidie kwenye puli ya krenki maana utaitoa kwa ajili ya hio sili ya mbele. Watu watakuambia egemeza spana kwenye chesisi upige stata kidogo, boliti inaachia. Kwenye Toyota hii ni kweli inaachia, nimeona pia spana ikiruka na kupasua rejeta. Na ukizoea huo mchezo ukauhamishia kwenye Honda za zamani ambazo injini inazunguka kinyume, utakuwa unaikaza. Chonga kishikio: flati bari nene, urefu wa mkono, toboa matundu yanayolingana na yale mawili yenye uzi usoni mwa puli, funga boliti, mkono uegemee chini. Shimo kubwa katikati la kupitisha soketi. Na puli usiivute kwa kuing'ata ukingo wa nje, kuna mpira katikati unaachana, ivute kwa matundu hayo hayo.

Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, usichonge. Nunua au azima.

mama_spana
Hapo kwenye toki renchi mimi nina neno. Kama hana kabisa, boliti ya puli ya 1NZ inakazwa 128 Nm (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukiwa na bomba ukalishika mita 1 kamili kutoka katikati ya boliti, ni kuvuta kilo 13. Nusu mita ni kilo 26. Ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia kuku na magunia, unaing'ang'aniza kwenye bomba unavuta kwa pembe mraba mpaka isome. Nimefanya hivyo niko porini Manyoni na gari mpaka leo inatembea. Ila kwa boliti ndogo za kepu za kenshafti usitumie huu ujanja, hizo zinakazwa kwa nguvu ndogo na aluminiamu haisamehe, uzi ukinyofoka umeua hedi. Hizo azima kitu cha kueleweka.

GetiNaDirisha
Aisee nashukuru sana. Nimepima: 1 na 4 ziko sawa, 2 na 3 chini kidogo, nikamwagia oili hazikusogea hata. PCV iko hai, inalia. Kwahiyo naenda na sili za valvu. Swali, kishikio cha puli naweza kutumia nondo? Ninazo za milimita 16 nyingi. Au springi ya lori?

DizeliTupu
Nondo ukiichomelea inakatika palepale kwenye weldi, hio unaijua kuliko mimi wewe mtu wa mageti. Springi ya lori ni ngumu, utamaliza drili biti zote na ukiilainisha kwa moto unakuwa umeharibu ule ugumu uliokufanya uichukue. Tafuta flati bari ya milimita 8 au 10 basi.

GetiNaDirisha
Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita naomba radhi.

Sikusikia. Nilitoboa springi ya lori, biti mbili zikafa, nikarudi kwa flati bari ya mil 10 kama nilivyoambiwa. Boliti ya puli ilitoka kwa mlio kama bunduki, jirani akachungulia juu ya ukuta. Sili mpya niliisukuma kwa kipande cha bomba la maji la plastiki lenye upana unaolingana, nimekisawazisha mdomo, imeingia nyoofu.

Kwenye valvu sasa. Bomba la kwanza nililichonga refu likawa linayumba, springi ikaruka, bahati nilikuwa nimevaa miwani ya kuchomelea ile nyeupe. La pili nililipunguza, likawa tamu, valvu ya kwanza ilinichukua saa nzima, ya mwisho dakika tano. Zile sili za zamani zilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo, nyingine zinavunjika mkononi. Nikafika valvu ya 11, mdogo wangu anashika sumaku, upepo wa Dodoma huu wa Julai mnaujua, vumbi likaja tukafunika haraka na turubai, tulivyofunua nikahesabu vipande nikapata 21. Vinatakiwa 22. Na kuna tundu moja la oili nyuma kule nilisahau kuziba.

Mbukwenyi_Wote
Nilijua tu 😂😂

SkrepaKizota
Usiniambie uliwasha.

GetiNaDirisha
Sikuwasha mkuu. Nilichukua sumaku ya spika mbovu nikavunja kipande kidogo, nikakifunga na gundi kwenye spoku ya baiskeli, nikavua kama mtu anayevua perege Hombolo, jioni nzima, patupu. Kesho yake nikashusha sampo ya chini, lile bakuli la oili. Kipo pale kinaning'inia kwenye chujio la pampu ya oili, kimekaa kimya. Mikono ilitetemeka.

Leo ni siku ya sita asubuhi nawasha, moshi hamna. Jumamosi natoka kwenda Singida nione dipstiki itasemaje.

Lori_la_Kibaigwa
Kaka mimi nina Vitz injini hiyo hiyo na moshi huo huo, hicho kibomba cha pili na kishikio cha puli unaazimisha?

GetiNaDirisha
Vipo, njoo. Spoku pia nakuazima.