Tangazo la kazi ya mhasibu: tuandike nini ili tupate wanaofaa?

Swali
Ndugu zangu, SACCOS yetu hapa Morogoro inatafuta mhasibu. Tangazo letu lilisema "mchapakazi, asiyezidi miaka 35, mshahara mnono", nasi tukapokea rundo la barua ambazo karibu zote hazikugusa kazi yenyewe. Tulirekebishe vipi?

Jibu la kwanza
Anzeni na kazi, ndipo mje kwenye sifa. Elezeni kwamba mhasibu atalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, atafuatilia marejesho ya mikopo ya wanachama na kuandaa hesabu za mwaka kwa ajili ya mkaguzi. Anayeijua kazi hiyo atajitambua humo, na asiyeijua atasita. Kama CPA (sifa ya juu ya uhasibu) ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ni ya lazima, semeni hivyo. Kama stashahada inatosha, msidai shahada, kwani mtawapoteza watu wazoefu bila sababu.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila kikomo cha umri kiondoeni kabisa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri, hata kwa mwombaji.

Jibu la tatu
"Mnono" haimwambii mtu chochote. Mwenye familia anayefikiria kuhama kutoka Dodoma hupiga hesabu ya kodi ya nyumba na ada za shule kabla ya kuandika barua, kwa hiyo tajeni kiwango cha chini na cha juu cha mshahara. Ongezeni pia kwamba mwombaji hatozwi ada yoyote, maana matapeli wamewafanya watu wengi makini wayaogope matangazo.