Tupeane uzoefu: vanishi iliyogeuka ukungu, na maafa mengine ya kijisanamu kilichobakiza hatua moja

Kisu Butu:
Wakuu, mambo ya rangi ipi ni nzuri tumeshayamaliza, sheria za mchezo nazo tumeshazigombania. Maafa hatujayagusa. Kitu gani huharibu kijisanamu kikiwa kimebakiza hatua moja tu? Leteni sababu na dawa yake, vilio tunavyo vya kutosha. Nasema hivi vya mchezo wa vita vya mezani, tunavyovipaka rangi wenyewe, kimo cha mm 28 hivi, vya plastiki, resini (utomvu mgumu unaomiminwa kwenye kalibu) na chuma. Askari wa angani, maroboti, vifaru vinavyoelea, vyote vinaingia.

Mpulizaji:
Umetonesha kidonda. Vanishi, hakuna mjadala.

Picha ni hii: kikosi cha askari 10, kila mmoja amekula saa tatu au nne za brashi. Macho yapo, kingo za deraya zimeng'arishwa. Imebaki vanishi isiyong'aa ili vidole visichubue rangi mezani. Unapuliza. Ikiwa bado mbichi kila kitu kinapendeza, rangi zimekolea. Unarudi baada ya dakika 10, askari wote ni weupe kama waliogaragazwa kwenye unga wa sembe. Na unga wenyewe umechagua pa kukaa: kwenye mikunjo na chini ya makwapa, palepale ulipohangaika na kivuli.

Vanishi isiyong'aa hupata ubutu wake kutoka kwa unga laini sana uliomo ndani, na unga huo hutuama chini ya kopo. Usipotikisa vya kutosha, unapuliza kimiminika mwanzoni na unga mtupu mwishoni. Hesabu dakika 2 tangu gololi iliyomo ndani ya kopo ianze kugonga, usihesabu tangu uliposhika kopo. Halafu kuna unyevu. Kiyeyushi kikipaa kwa kasi hupoza uso wa rangi, mvuke wa hewani unatua hapo na kunaswa ndani ya vanishi. Mvua ikinyesha, weka kopo chini ukafanye kingine. Na usipulize kwa pupa: mipito miwili au mitatu myembamba, sentimita 20 hadi 30, uanze kubonyeza kabla ya kumfikia askari na uachie ukishampita.

Ukungu huo mweupe ukishatokea, usikimbilie kuvua rangi. Paka vanishi inayong'aa kwa brashi juu ya ukungu. Inajaza vijishimo vinavyotawanya mwanga, na rangi inarudi mbele ya macho yako. Kesho yake, ikikauka kabisa, ndipo upake isiyong'aa, na safari hii kwa brashi.

Dadu Moja:
Askari wa sembe 😂 Naunga mkono hoja.

Tupa na Msasa:
Mafuta ya mzeituni yanafanya kazi hiyohiyo. Tone moja kwenye brashi laini, pangusa, ukungu unapotea.

Mpulizaji:
Mkuu, mafuta ya mzeituni hayakauki. Vanishi utaishikiza kwenye nini?

Tupa na Msasa:
Yapanguse hadi ubaki mng'ao tu, uache siku mbili. Watu wanafanya na vinasimama.

Mpulizaji:
Kabatini vinasimama. Vinavyoshikwa kila wiki vitachubuka kuanzia kwenye kofia. Tusidanganyane.

Kitako Mm 32:
Wakati mnapigana na mafuta, niweke langu. Supagluu kwenye kioo cha rubani. Unabandika kioo, kinashika vizuri, asubuhi kimepata ukungu kwa ndani ambako brashi haifiki. Mvuke wa supagluu ndio unaotua kwenye plastiki angavu, na ukikifunga chumba cha rubani wakati gundi bado mbichi umeufungia humo. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Inakauka angavu, na ikimwagika unaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Bomba la Nne:
Nyie mnalia na ukungu? Subirini niwaeleze asetoni.

Vijisanamu vimenunuliwa mkononi, rangi nene kama plasta, mtu anataka kuvivua aanze upya. Amesoma mahali kwamba asetoni inavua kila kitu. Ni kweli, inavua. Chuma kinatoka humo kinang'aa kama kipya. Lakini kisanduku kina mchanganyiko, chuma na plastiki pamoja, na vyote vimetumbukizwa kwenye mtungi mmoja.

Rangi inaanza kumeguka, mtu anafurahi. Muda si mrefu kingo za deraya zinakuwa za mviringo, pua na macho vinakwenda. Unavuta bunduki kwa kibanio inarefuka kama bigijii. Ukiendelea kungoja, chini kuna tope la kijivu, na askari wa chuma wamezama humo hadi kiunoni. Polistirini, ile plastiki ya vijisanamu, huyeyuka kwenye asetoni, haina ubishi. Hata anayejua hilo hunaswa na kitako, kile kisahani anachosimamia askari: askari ni wa chuma, anatumbukizwa bila wasiwasi, kitako chake ni cha plastiki. Anatoka na viatu vya matope.

Na someni chupa ya kuondolea rangi ya kucha, nyingi ni asetoni hiyohiyo yenye manukato.

Dadu Moja:
Hadi kiunoni jamani 😂😂

Kisu Butu:
Sasa plastiki tuivue na nini?

Bomba la Nne:
Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Saa kadhaa au usiku kucha, kisha mswaki laini. Fungua dirisha, vaa glavu, kaa mbali na moto. Resini ipe muda mfupi na uichungulie mara kwa mara, kuna resini zinazolainika.

Tupa na Msasa:
Au ile dawa ya kuua vijidudu ya kahawia, inayogeuka maziwa ikikutana na maji. Siku nzima, rangi inavuka kama ngozi ya nyoka.

Kitako Mm 32:
Malizia basi, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Usisuuzie maji moja kwa moja! Rangi iliyolegea ikikutana na maji inageuka lami yenye kunata na kuingia kwenye kila mfereji wa deraya. Sugua ukiwa bado ndani ya dawa, suuza kwa dawa mpya, maji na sabuni mwisho kabisa.

Sumaku Mbili:
Nimechelewa. Mikono ya kubadilisha silaha. Umetoboa bega na mkono, sumaku za mm 3 kwa 1 zimezama sawasawa, gundi imekauka, unasogeza mkono na mkono unamkimbia mwenyewe. Umegeuza ncha. Kung'oa sumaku iliyogandishwa na supagluu bila kupasua bega ni kazi ya kumwombea adui.

Tengeneza kijiti kimoja chenye sumaku nchani, upande mmoja kiandike MWILI, mwingine SILAHA. Kila sumaku ya jeshi zima ipite kwenye kijiti hicho kabla ya gundi. Shimo anza na keekee ya mm 1, ndipo upanue hadi 3. Ukianza na 3 ncha inateleza na kukuchorea kifua cha askari.

Mpulizaji:
Mimi naweka nukta ya kalamu ya wino upande unaotazama nje. Inatosha.

Sumaku Mbili:
Nukta inafutika kwa kidole chenye supagluu, mkuu.

Dadu Moja:
Na gundi ya plastiki kwenye resini je? Kwangu haishiki hata kidogo.

Kitako Mm 32:
Haitashika hadi kiama. Gundi ya plastiki huyeyusha pande mbili za polistirini zikawa kitu kimoja, na resini haiyeyuki kwayo. Resini na chuma ni supagluu. Resini ioshe kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni, ina mafuta ya kalibu, vinginevyo praima, rangi ya kwanza ya chini, itabanduka na rangi zote juu yake. Ukipiga msasa, piga ukiwa umeilowesha na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Kisu Butu:
Bomba la Nne, lile tope unalimwaga?

Bomba la Nne:
La asetoni lina rangi ndani, halifai. Na usilimwage kwenye sinki, likikauka ni plastiki tena. Ila fanya hivyohivyo kwa makusudi: katakata vipande safi vya fremu, ile plastiki inayobaki ukishakata sehemu za kijisanamu, vitie kwenye kichupa cha gundi ya plastiki kilichobakia robo, acha usiku mmoja. Unapata uji wa kuzibia nyufa za mabega na viungo vya vifaru. Unasinyaa ukikauka, kwa hiyo jaza uzidi kidogo, ngoja saa 24, ndipo upige msasa.

Dadu Moja:
Na yule askari wa viatu vya matope?

Bomba la Nne:
Mngoje akauke, umbandue tope kwa kisu. Toboa mm 1 chini ya kisigino, ingiza kipande cha klipu ya karatasi kwa supagluu, toboa kitako kipya, msimamishe. Kitako kiwe cha kipimo kilekile, mchezoni umbali wa mapigano unapimwa kutoka ukingoni mwake.