Waamuzi wawili na kosa la uingiliaji: nani atangaze?

Muulizaji: Ndugu waamuzi wa besiboli, naomba ufafanuzi kuhusu uingiliaji, yaani mkimbiaji au mpigaji kumzuia mlinzi kuucheza mpira. Tulikuwa wawili, mimi nikiwa nyuma ya mdakaji, na mkimbiaji mmoja alikuwa kituo cha kwanza. Mpira ulipigwa chini, ukarushwa kituo cha pili, mwenzangu akamtangaza mkimbiaji kuwa ametolewa, kisha akageukia kituo cha kwanza. Hapo hapo yule aliyetolewa akaserereka pembeni kabisa ya kituo na kuikumba miguu ya mlinzi aliyekuwa akirusha. Mpira ukaenda kombo na mpigaji akafika salama. Nilinyamaza kwa kudhani kwamba eneo lile si langu. Je, nilikosea?

Jibu la kwanza: Ulikosea, ndugu yangu, nami nilinyamaza vivyo hivyo nilipoanza kazi hii. Waamuzi wakiwa wawili, mwenzako hana budi kuufuata mpira, kwa hiyo jicho linalobaki kituo cha pili ni lako. Ungepaza sauti papo hapo, ukainua mikono kuonyesha kwamba mpira umekufa (yaani mchezo umesimama), ukamtoa na mpigaji, kwa maana kanuni humtoa yeye kwa kosa la mwenzake aliyekwisha kutolewa.

Jibu la pili: Naafiki. Mwamuzi haruhusiwi kuukosoa wala kuutengua uamuzi wa mwenzake asipoombwa na aliyeutoa, lakini mwenzako alikuwa ameamua kuhusu kutolewa tu, uingiliaji hakuuona. Hata uamuzi uliokwisha kutangazwa hurekebishwa kwa mashauriano: mwaka 2004, katika mchezo wa 6 wa fainali ya American League (mojawapo ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani), Alex Rodriguez wa Yankees aliupiga kwa mkono mpira uliokuwa kwenye glovu ya Bronson Arroyo wa Red Sox, akatangazwa salama. Waamuzi walikutana, wakamtoa, na Derek Jeter, aliyekuwa amekwisha kufika nyumbani (kituo cha mwisho, cha kupatia pointi), akarudishwa kituo cha kwanza.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Basi mwenzangu akiniita, nimwambie "huo ni uingiliaji"?

Jibu la pili: Hapana, mweleze ulichokiona: miguu ilielekea wapi, mkono wa mkimbiaji ungeweza kukifikia kituo au la, na mlinzi alikuwa ameuachia mpira au bado. Simameni mbali na makocha na wachezaji, mzungumze kwa sauti ya chini, kisha mmoja wenu atangaze.