Tupeane uzoefu: ndugu aliyeitwa kichaa, kumbe ni ubongo unaumwa

Wakuu, habari za jioni. Niko Tandahimba, naanza na ya kwetu.

Mdogo wangu alianza akiwa kidato cha pili. Hakuwa anaanguka wala kutoa povu, ndiyo maana kifafa hakikumjia mtu akilini. Tuko jamvini tunabangua korosho, ghafla anaacha, kakodoa macho ukutani, anatafuna mdomo mtupu, vidole vinachezea pindo la kanga. Ukimwita haitikii. Dakika moja au mbili, halafu anauliza, "Mbona mnanitazama?"

Bibi akasema majini, tukapunga. Hospitali wakasema kachanganyikiwa, wakampa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Shingo ikakakamaa, mate yakamtoka, na ile hali ikazidi. Misimu miwili ya korosho ikapita hivyo.

Binamu yetu ndiye aliyemrekodi kwa simu. Daktari mwingine akaitazama video mara tatu, kisha akamuuliza yeye mwenyewe (hakuna aliyewahi kumuuliza!): kabla haijaanza unasikia nini? Akajibu: harufu ya salfa, hata kama si msimu wa kupulizia mikorosho. Hapo hapo daktari akasema ni kifafa kinachoanzia upande wa ubongo, karibu na sikio. Kipimo cha umeme wa ubongo Dar kikatoka safi, akatuambia hilo halikiondoi kifafa. Akaanzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa.

Nanyi?

— Kilwa hapa. Mzee wetu aligonga kichwa kwenye boriti ya mlango, hakikuvimba hata. Wiki sita baadaye anatukana watu, anasahau njia ya msikitini. Wengine uzee, wengine karogwa. CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha damu imejikusanya kati ya ubongo na fuvu. Wakatoboa wakaitoa. Ijumaa ya tatu alikwenda mwenyewe.

— Mimi nesi, Lindi. Msitulaumu wote jamani, kwenye hospitali nyingi za wilaya kifafa na magonjwa ya akili yanaonwa kliniki moja. Ila mtu akibadilika ghafla na ana homa, msimpeleke kwa mganga kwanza, apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo siku hiyo hiyo. Na dawa za akili msizikatishe wenyewe kwa sababu ya mada hii.

— Pole mleta mada. Dada alirudi shule?

— Asante. Alikataa, wenzake walishamwita mwendawazimu. Anashona nguo. Huu mwezi wa nne hajaisikia ile salfa.